Vuta N'kuvute: Mapenzi na Mapambano

Wapo makada wanaodai kwamba filamu ya mapenzi ni burudani tu, haihusiani na itikadi. Fikra hiyo ni potofu. Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutolewa mwaka 2021, yatosha kuipinga.

Filamu hiyo imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Tumo Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi sana umri. Anamkimbia, jamii yake inamtenga, naye anapata hifadhi kwa Mwajuma. Huko anakutana na Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa kikoloni.

Swali la msingi ni hili: Yasmin alikuwa mfungwa wa nani? Hakuwa mfungwa wa Raza peke yake. Nyuma ya Raza palikuwa na mila iliyomhesabu mwanamke kuwa mali. Na palikuwa na utawala uliowagawa watu kwa rangi ili uwatawale. Kwa hiyo alipoingia nyumbani kwa Mwajuma alivunja kuta mbili kwa pamoja. Hapo ndipo penye nguvu ya filamu hii: inaonyesha kwamba ukombozi wa mwanamke na ukombozi wa nchi ni pambano moja.

Hata hivyo tunayo lawama. Uzuri wa picha na nyuso za wapenzi wawili umewasukuma umma nyuma. Makuli wa bandarini waligoma mwaka 1948. Wakulima wa Kiembesamaki walipambana na polisi katika Vita vya Ng'ombe mwaka 1951. Harakati za akina Denge zilitoka katika udongo huo. Mtazamaji asiyejua historia aweza kudhani kwamba uhuru uliletwa na vijana wachache mashujaa.

Sisi wa Mutuka, mjini Babati, tusiitazame filamu hii kama hadithi ya pwani iliyopita. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba jambo hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Lakini hukumu peke yake haimwokoi binti ambaye ng'ombe wa mahari yake wamekwisha kuingia zizini. Mwalimu Nyerere alikiri katika Ujamaa Vijijini, mwaka 1967, kwamba jamii yetu ya jadi haikumpa mwanamke usawa. Kukiri ni hatua ya kwanza tu.

Filamu hii ilionyeshwa Toronto, Kanada, Septemba 2021. Wajibu wetu ni kuifikisha matawini, wazee na mabinti waitazame pamoja, kisha taa ziwashwe na mjadala uanze. Kada atakayeogopa mjadala huo amekwisha kuchagua upande wa Raza.