Kipi Kilitangulia? Mpangilio wa Makala Kuhusu Kusinzia Kichwa

Mwaka 2017 jarida la Science Translational Medicine lilichapisha makala ya Tory Johnson, Avindra Nath na wenzao kuhusu ugonjwa wa kusinzia kichwa. Ni ugonjwa wa watoto, unaojulikana kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini na Mahenge nchini Tanzania: kichwa huanguka mbele tena na tena, kisha kifafa hufuata na akili hudumaa. Msomaji wa Bendera nchini Kongo, jirani wa mto Kyimbi ambao maporomoko yake huipa Kalemie umeme, ana haki ya kuidadisi makala hiyo. Nzi weusi wanaoeneza mnyoo Onchocerca volvulus huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, na huko Ituri na Bas-Uele kifafa kimeonekana kuandamana na mnyoo huo.

Fumbo lilikuwa hili: kusinzia kichwa nako kuliandamana na mnyoo, lakini mnyoo haukuonekana ubongoni. Waandishi wanajibu kwa kurejea seli za kinga. Kila seli B ina vipokezi juu ya utando wake. Kipokezi kikishikana na protini ya mgeni, seli huongezeka na kumwaga vipokezi hivyohivyo katika damu, navyo ndivyo kingamwili. Iwapo protini ya mnyoo inafanana na leiomodini-1 iliyomo katika seli za neva, kingamwili iliyokusudiwa mnyoo yaweza kumdhuru mtoto mwenyewe.

Angalia sasa muhtasari ulivyopangwa. Kwanza damu ya wagonjwa na ya wanakijiji wenzao wazima. Halafu maji ya uti wa mgongo. Halafu seli za neva maabara, zenye leiomodini-1. Halafu ubongo wa panya. Halafu kingamwili inayodhuru seli za neva maabara. Mnyoo, ambao katika kisa ndio chanzo, katika ushahidi unaletwa mwisho. Huo ni ufundi wa kweli: jibu linapofika, msomaji ameshaliona likija, na anaamini amesimuliwa mfululizo wa matukio.

Lakini mfululizo ni wa aya, si wa miaka. Damu ilichukuliwa watoto wakiwa tayari wagonjwa. Neva zilizokwisha kuharibika huweza kumwaga protini zake na kuziamsha seli B, na hapo kingamwili ingekuwa matokeo ya maradhi badala ya chanzo. Tena baadhi ya wazima walikuwa nayo. Kwa haki yao, waandishi walilipa dai umbo la uwezekano tangu kwenye kichwa cha makala. Michael Pollanen na wenzake, mwaka 2018, walitangaza bila kusita kwamba ugonjwa huu ni wa protini tau kurundikana ubongoni. Mwaka 2019 An Hotterbeekx na wenzake wakapinga, wakisema kinachotawala ni ubongo kuvimba. Makundi hayo mawili yote yalisoma ubongo wa waliokwisha kufa, yaani ukurasa wa mwisho tu.

Naisifu zaidi ile ya 2017, kwa kuwa imeonyesha njia inayoweza kupimwa. Kinachokosekana ni damu ya mtoto iliyohifadhiwa kabla ya kichwa kuanguka mara ya kwanza, na nyingine ya mtoto huyohuyo miaka kadhaa baadaye.