Saa ya Kila Ndege

Mwezi Juni, katika pwani ya Suffolk mashariki mwa Uingereza, saa kumi na nusu alfajiri jua limeshaanza kuchomoza. Jumapili tarehe 19 Juni 2016, Tamasha la Aldeburgh liliwaita wasikilizaji wake wawahi mapambazuko hayo. Kuanzia hapo hadi usiku wa manane ukikaribia, mpiga piano mmoja, Pierre-Laurent Aimard, alipiga kazi moja tu: Catalogue d'oiseaux, yaani Orodha ya Ndege, ya mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen. Kazi hiyo ina vipande 13, na ikipigwa bila kupumzika haifikishi muda wa saa tatu. Aldeburgh waliigawa katika vikao vinne na kuitandaza siku nzima, sehemu kwenye kumbi za tamasha hilo huko Snape, sehemu nje kabisa, katika hifadhi ya ndege ya Minsmere.

Yapo matamasha mengi ya klasiki yanayochagua mada ya asili. Mwaka huohuo wa 2016, La Folle Journée ya Nantes, Ufaransa, ilifanya hivyo na kujaza kumbi kwa siku kadhaa. Muziki wa bahari, wa misitu na wa majira ya mwaka ni mwingi mno, na kuukusanya mahali pamoja ni kazi ya maana. Lakini Aldeburgh walikwenda mbali zaidi. Waliiacha mada iamue saa ya kuamka, mahali pa kukaa na wakati wa kwenda kula. Hawakulibuni jambo hilo kutoka hewani. Lilikuwa limeandikwa tayari, wakalisoma na kulitii.

Maana Messiaen alikuwa mtu wa saa. Kila kipande cha Orodha kina maelezo mbele yake, na maelezo hayo yanataja mahali, majira, mara nyingi na saa yenyewe. Yule ndege wa manjano mwenye mabawa meusi, loriot, anaimba mwishoni mwa Juni mnamo saa kumi na moja na nusu alfajiri, huko Charente. Kipozamataza mmoja yuko Les Baux, Provence, saa nane mchana wa Julai, joto limekaba na nyenze wanalia. Kipozamataza wa jamii nyingine anaimba usiku, juu gizani, na ndege wengine wanamjibu kutoka chini. Juu ya noti zenyewe mtunzi ameandika jina la kila ndege anapoingia, pamoja na mto, majabali, usiku, mawimbi. Mpiga piano anayefungua kitabu hicho anajua wakati wote nani anazungumza na jua liko wapi.

Ujuzi huo haukuja haraka. Messiaen alizaliwa Avignon mwaka 1908, na kwa zaidi ya miaka 60 alipiga kinanda cha kanisa la Sainte-Trinité mjini Paris. Ndege walikuwamo katika muziki wake tangu mapema. Hata kazi aliyoimalizia katika kambi ya wafungwa wa vita ya Görlitz, iliyopigwa humo Januari 1941, ina sehemu nzima ya klarineti pekee inayohusu ndege. Ila mwenyewe hakuridhika. Mwaka 1952, akiwa tayari mwalimu mashuhuri wa Conservatoire ya Paris, alikwenda Charente kwa Jacques Delamain, mtaalamu wa ndege, akafundishwa kumtambua kila mmoja kwa sauti. Namheshimu sana kwa hilo. Mtu aliyekuwa na wanafunzi wake alikubali kuwa mwanafunzi tena, akashinda vichakani na karatasi za muziki na penseli. Daftari zake za sauti za ndege, takriban 200, zimehifadhiwa leo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa.

Ugumu wa kazi hiyo unaanzia kwa ndege mwenyewe. Anaimba kwa kasi ambayo vidole vya binadamu havifikii, na juu mahali ambapo piano imeishiwa vibonyezo. Tena, kati ya sauti moja na nyingine anapita kwenye nafasi finyu kuliko nusu toni, na piano haina kitu kidogo kuliko nusu toni. Messiaen alipunguza mwendo. Akaushusha wimbo oktavu moja, mbili au hata tatu. Kisha zile nafasi finyu akazipanua zote kwa kiwango kimoja, ili uhusiano wa sauti na sauti ubaki uleule. Ni kama seremala aliyepewa kijumba cha mfano akakijenga kwa ukubwa wa nyumba: vipimo vimebadilika vyote, ila ukiingia unaijua.

Bado kulikuwa na rangi ya sauti. Koo la ndege lina ukwaruzo, mng'ao, kutu na unyevu, wakati kibonyezo cha piano kina mlio mmoja safi. Hapa ndipo ninapoona ufundi wake mkubwa kuliko wote. Chini ya noti ya wimbo aliweka akodi, na noti inayofuata akaipa akodi yake nyingine, na kuendelea hivyo, pengine akodi kumi kwa kufumba na kufumbua. Akodi hizo hazipo kwa ajili ya kuusindikiza wimbo. Zinachanganyika na noti mpaka sikio lisizitenge tena, na linalobaki ni sauti chakavu, au kali, au yenye maji ndani yake. Wapo wasemao ndege wa Messiaen hawafanani na ndege wa porini. Ukisikiliza mara moja tu utakubaliana nao. Ukirudia kwa utulivu, unaanza kusikia kitu ambacho kanda ya kurekodi haikupi: namna ndege anavyofikiri, anavyojaribu neno, anavyolirudia, anavyolikata katikati na kunyamaza.

Kipande cha saba, kilicho katikati ya Orodha, ndicho kirefu kuliko vyote, takriban nusu saa. Mwenye jina lake ni ndege mdogo wa rangi ya udongo aishiye kwenye matete, rousserolle effarvatte. Mahali ni mabwawa ya Sologne, na muda ni saa 27 zilizofupishwa, tangu usiku wa manane hadi saa tisa ya usiku unaofuata. Vyura wanaanza. Ndege mkubwa wa jamii ya yangeyange anavuma kutoka ndani ya matete. Kisha yule mdogo anaanza kuongea, na kuongea, bila kuchoka. Jua linachomoza juu ya maji, maua ya manjano na meupe yanafunguka, mchana unapita, jua linatua, vyura wanarudi. Pande mbili za kipande hiki vitabu vya Orodha vimepangwa kwa mizani: vipande vitatu, kimoja, viwili, kisha hicho peke yake, kisha viwili, kimoja, vitatu. Bwawa la matete ndilo linaloshika mizani yote.

Ndiyo maana Snape palifaa kuliko mahali pengine popote ninapopafikiria. Ukumbi wake mkuu ulikuwa kiwanda cha kuandalia shayiri ya bia. Benjamin Britten, mmoja wa waanzilishi wa tamasha hilo mwaka 1948, na wenzake waliugeuza kuwa ukumbi wa muziki mwaka 1967. Ukaungua 1969, ukajengwa upya, 1970 ukafunguliwa. Nje ya kuta zake kuna Mto Alde na uwanda wa matete, na ndege mwenyewe wa kipande cha saba huimba humo kila kiangazi. Minsmere nayo ina historia yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mashamba ya hapo yaligharikishwa ili adui asipate pa kushukia. Vita vilipokwisha, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, ambaye kwa takriban miaka 100 hakuwa akitaga Uingereza, alionekana akitaga kandokando ya maji hayo, mwaka 1947.

Aimard alistahili kuaminiwa na kazi hii. Alifundishwa na Yvonne Loriod, mke wa Messiaen, ambaye ndiye aliyeipiga Orodha nzima kwa mara ya kwanza, Paris, Aprili 1959. Mwaka 2016 ulikuwa wa mwisho kwa Aimard kuwa mkurugenzi wa sanaa wa Aldeburgh, na angeweza kuaga kwa jambo jepesi. Kupiga vipande hivi kunataka nguvu za mikono, lakini zaidi kunataka kujua kungoja, kwani Messiaen ameweka ukimya mrefu baina ya sauti, na ukimya ukikatwa mapema, bwawa lote linakauka. Nje, pasipo kuta za kurudisha mlio, ukimya huo unajazwa na upepo na ndege halisi, naye mpigaji inambidi awasikilize kabla ya kuendelea.

Orodha inaishia kwa sululu, yule ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, katika kisiwa cha Ouessant: ukungu, mnara wa taa na king'ora chake. Desemba 2015, miezi michache kabla ya siku ile, Uingereza ilimwingiza sululu katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Kwetu, pwani ya Afrika Mashariki, anafika baridi ya kaskazini inapoanza, na huonekana kwenye matope ya Mida, karibu na Watamu, maji yakitoka.

Natamani siku kama ile ifanywe kwenye pwani yetu, na ndege wetu. Piano itapatikana, na vijana wanaosoma noti wapo Unguja na Bagamoyo. Anayetakiwa kwanza ni mtu wa kukaa Mida au msitu wa Jozani, msimu baada ya msimu, na daftari na penseli, ajifunze nani huanza kabla ya adhana ya alfajiri, nani humfuata, na kila mmoja hunyamaza saa ngapi.