Pangloss kwenye kilio chetu

Wandugu, wengi wetu tulisoma Candide ya Voltaire kwenye sekondari. Tukacheka, tukafanya mtihani, ikaisha. Mimi nimeirudilia, na kuna sehemu moja ambayo sikuweza kuicheka tena.

Ni sura ya 5. Meli inavunjika mbele ya bandari ya Lisbonne. Jacques, mtu mwema, anamuokoa baharia mmoja, kisha yeye mwenyewe anaanguka majini. Yule baharia hata hamuangalie. Candide anataka kujitupa amfuate. Mwalimu wake Pangloss anamzuia, anamuelezea kwamba bandari ile iliumbwa makusudi ili Jacques azame pale. Wakati angali anatoa hoja, mtu amekwisha kufa.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, hapa kwetu Goma, watu wakiona kutoka bandarini. Mama mmoja wa avenue yetu alikuwa ndani. Kwenye kilio nilisikia: « Siku yake ilifika. Mungu njo alipanga. » Sikatae kwamba neno hilo linamsaidia mwenye kulia apitishe usiku. Lakini kiisha kusemwa, hakuna aliyeuliza tena nani aliruhusu ile boti itoke imejaa vile. Pangloss pia alianza hivyo: kwanza maelezo, mkono wa kuokoa ukabaki nyuma.

Rousseau aliona jambo hilo. Agosti 1756, akijibu shairi la Voltaire juu ya tetemeko la Lisbonne la 1755, alimwandikia kwamba si maumbile yaliyojenga pale nyumba elfu ishirini za orofa sita au saba. Hapo niko naye kabisa. Ila anaongeza kwamba wengine walikufa sababu walitaka kuchukua nguo, karatasi ao pesa zao. Hapo amekwenda mbio, na sisi tunakimbia naye: « Waliona boti imejaa, juu ya nini walipanda? »

Tukumbuke basi: barabara ya Goma na Minova ilikuwa imekatwa na vita. Yule mama alikuwa na vitu vya soko, na watoto walikuwa wanamungojea. Alichagua, ndiyo. Lakini alichagua kati ya nini na nini? Uhuru wa mutu tunaupima kwa njia zilizobaki wazi mbele yake, na walioziba zile zingine hawakuwa ndani ya boti.

Mwishoni Voltaire anawapeleka watu wake bustanini, walime, waache mabishano. Kwa kitabu ni mwisho mzuri. Kwetu naona ni mapema. Kwenye kilio tuombe, tulie, tukae na wafiwa. Lakini kisha matanga, sisi tuliosoma twende tuulize: boti ilipakia wangapi, na nani alihesabu?

Nyinyi munasemaje?