Kamati, Mkataba na Daftari: Skuli za Maandalizi za Kijiji Zilivyosimama Unguja

Mwaka 1990 programu ya skuli za maandalizi iliyoanzia Mombasa iliingia Zanzibar na sharti gumu. Ilikuwa haifungui skuli mahali popote mpaka wenyeji waiombe wenyewe, wachague kamati yao, watoe chumba au kiwanja, kisha wakubaliane kwa maandishi nani atafanya nini. Hiyo ni programu ya madrasa ya Aga Khan Foundation, na vijana wengi wa Unguja na Pemba wamepita mikononi mwake kabla ya kufika darasa la kwanza.

Wanakamati hawakulipwa. Walikuwa wavuvi, wakulima wa mwani, walimu wa chuo cha Kurani, wafanyabiashara wadogo na akina mama wa nyumbani. Ndio walioajiri walimu, waliokusanya ada, waliokarabati choo na waliojibu lawama za wazazi. Nataka kuchambua hapa mfumo huo ulivyoundwa hata ukaweza kusimama, na mahali ulipochoka. Msimamo wangu ni huu: kamati ya kujitolea inaweza kuwa uongozi mzuri wa skuli, lakini haiwezi kushika nafasi ya mshahara wa mwalimu.

Chimbuko

Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, hali ya watoto wao. Wengi walikuwa wakianza skuli ya msingi wakiwa nyuma ya wenzao. Wazazi nao walikuwa na hofu kwamba elimu ya kidunia ingewatoa watoto katika dini na adabu za nyumbani. Mtoto alikwenda chuo akahifadhi sura, lakini alipoingia darasa la kwanza alikuta lugha nyingine ya kufundishwa na utaratibu mwingine kabisa.

Mwaka 1986 Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu, akaanzisha darasa la mwanzo katika madrasa ya Liwatoni, Mombasa. Badala ya kujenga skuli mpya pembeni ya chuo, aliingiza maandalizi ndani ya chuo kilichokwishaaminiwa. Mtoto anasoma dua na adabu, na papo hapo anahesabu, anachora, anaimba na kucheza. Mwalimu ni mwanamke wa mtaa uleule, anayemjua mtoto kwa jina na kwa ukoo. Kutoka Mombasa mfumo ulihamia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na kila nchi ikapata kituo chake cha mafunzo.

Hatua tano

Kwanza ni ombi. Afisa maendeleo ya jamii wa kituo alifika kijijini, akakutana na sheha, imamu na wazazi, akaeleza yatakayotolewa na yasiyotolewa. Kijiji kikikaa kimya, kazi inaishia hapo. Hatua hii ilionekana kama upotezaji wa wakati, lakini ndiyo iliyotenganisha vijiji vilivyotaka jengo tu na vile vilivyotaka skuli.

Pili ni kamati. Wanajamii walichagua watu wao, na programu ilisisitiza wanawake wawemo. Sababu yake ni ya utendaji: mama ndiye anayempeleka mtoto asubuhi na ndiye anayesikia kwanza kwamba mwalimu hakuja.

Tatu ni mkataba. Kituo kiliahidi mafunzo, ufuatiliaji na vifaa vya kuanzia. Kijiji kiliahidi mahali, maji na choo, ada ya wazazi na malipo ya walimu. Ahadi za pande zote mbili ziliandikwa, na zilikuwa na muda wake, kiasi cha miaka miwili ya kushikwa mkono.

Nne ni walimu. Kijiji kilipendekeza wanawake wake, wengi wao wakiwa na elimu ya sekondari isiyokamilika au ya kidato cha nne. Walianza kwa mafunzo kituoni, lakini sehemu kubwa walijifunzia ndani ya madarasa yao. Mkufunzi alikuja, akakaa nyuma, akaangalia somo, kisha wakazungumza lipi lilikwenda vyema na lipi la kurekebisha.

Tano ni kuhitimu, na hapa anayehitimu ni skuli yenyewe. Ilipimwa ufundishaji wake, hesabu zake na uwezo wa kamati. Ikifaulu, kituo kilipunguza ziara zake na kamati ikabaki na usukani. Skuli zilizohitimu zikaunda jumuiya za kusaidiana, na zikawekewa mfuko mdogo wa akiba ambao faida yake ilikusudiwa kuongezea malipo ya walimu.

Darasani

Ndani ya darasa kulikuwa na kona: kona ya nyumbani, ya matofali ya mbao, ya vitabu, ya kuchora. Vifaa vingi vilitoka palepale: vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, simbi za ufukweni, vijiti, vitambaa vya mshonaji. Mtoto alisema kwanza anataka kwenda kona gani na kufanya nini. Akaenda, akafanya. Mwisho akakaa na wenzake akaeleza alichokifanya. Utaratibu huu wa kupanga, kutenda na kusimulia ulitoka katika mfumo wa High/Scope, uliokuzwa Ypsilanti, Michigan, kutokana na majaribio ya skuli za watoto wadogo ya miaka ya 1960. Hapa ulivalishwa kanzu na buibui: nyimbo, hadithi na adabu zikawa za Kiswahili na za Kiislamu.

Ubunifu huu uliirahisishia kamati kazi. Skuli inayotegemea vitabu na vifaa vya dukani humlazimisha mshika fedha kutafuta fedha kila muhula. Kona ya vifuu na vizibo inajazwa na wazazi kwa mikono yao. Tena inakaguliwa na mtu yeyote. Mwanakamati asiyejua kusoma anaweza kuingia darasani, akaona kona tatu zimejaa na moja tupu, akauliza kwa nini.

Daftari na bamvua

Hebu tuishughulikie kazi ya mshika fedha, maana hapo ndipo kamati nyingi hufaulu au huvunjika. Daftari lake lina safu chache: jina la mtoto, ada ya mwezi, kilicholipwa, baki. Tatizo ni kwamba kijijini fedha haiji kwa mwezi. Katika vijiji vya Paje, Bwejuu na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilishika tangu mwaka 1989, mama hupata fedha anapouza mwani mkavu. Mvuvi hupata usiku samaki wakikubali, na pepo zikichafuka hapati. Kamati inayodai ada kila tarehe mosi itaandika "baki" mpaka safu ijae. Kamati yenye busara hupanga kukusanya wakati wa mauzo, hukubali kulipwa kidogo kidogo, na huwa na kipengele cha wasiojiweza kilichokubaliwa kikaoni, ili msamaha usiwe siri baina ya mwenyekiti na jamaa zake.

Hata siku ya kikao ina hesabu yake. Siku za bamvua, maji yakikupwa mbali, wanawake wanakuwa kwenye mashamba ya mwani pwani. Ukiita kikao asubuhi hiyo, utapata wanaume watupu, na uamuzi utakaopita hautakuwa wa mama waliobeba skuli. Kikao cha maji mafu, baada ya alasiri, huwa na watu kamili. Hili haliandikwi katika mwongozo wowote wa wafadhili, lakini afisa wa jamii anayejua pwani ndilo la kwanza kuuliza.

Mjini hali ni nyingine. Katika Mji Mkongwe na Ng'ambo mzazi hana shida ya umbali, na fedha huja kwa utaratibu zaidi, lakini kiwanja hakipatikani na chumba ni ghali. Huko mchango mkubwa wa jamii ni chumba cha chuo ambacho tayari kipo. Huko shamba, kiwanja kipo na fedha ndiyo haba. Mkataba mmoja usiobadilika usingefaa pande zote mbili, na ndiyo maana majadiliano ya mwanzo yalistahili muda wake.

Matokeo na udhaifu

Je, watoto walifaidika? Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda: waliobaki nyumbani, waliosoma maandalizi mengine, na waliosoma skuli za madrasa. Waliopitia maandalizi yoyote walipata maendeleo makubwa kuliko waliobaki nyumbani, na wa skuli za madrasa waliongoza. Kwa hiyo mwanamke wa kijijini aliyefunzwa na kufuatiliwa vizuri anaweza kumwandaa mtoto, hata kama hakupitia chuo cha ualimu kabla.

Lakini mwalimu huyo analipwa kwa ada. Ada ikichelewa, na yeye anachelewa. Baada ya mafunzo ya miaka miwili anakuwa mtu mwenye ujuzi unaotakiwa kwingine, na kijiji hakina cha kumzuia nacho. Kila akiondoka mmoja, kamati inaanza upya na kituo kinafunza tena. Mfuko wa akiba ulilenga tundu hili, lakini faida ya mfuko mdogo haiwezi kubeba mshahara wa mwaka mzima.

Zanzibar ilijaribu pia njia nyingine. Kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Elimu ilishirikiana na Education Development Center ya Marekani, kwa fedha za USAID, kuandaa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Katika vijiji visivyo na skuli ya maandalizi karibu, jamii ilitafuta mahali pa kukutana na mtu wa kujitolea wa kuwasimamia watoto. Redio ilibeba somo: inaimba, inauliza, inanyamaza watoto wajibu. Mtu wa kujitolea hakuhitaji mafunzo marefu, na watu wa vijijini walizoea kuziita sehemu hizo za kukutana vituo vya TUTU, kifupi cha Tucheze Tujifunze. Ulikuwa mfumo mwepesi kuusambaza kuliko ule wa madrasa. Lakini nao uliegemea palepale, kwa mtu anayekuja kila asubuhi bila ujira wa uhakika.

Tofauti ya mwanakamati na mwalimu ndiyo hii. Mwanakamati hujitolea saa chache kwa mwezi, na anabaki na mashua yake au shamba lake. Mwalimu hujitolea asubuhi zake zote. Ukimwomba mwanakamati aendelee kwa miaka 10, atafanya kwa heshima na thawabu. Ukimwomba mwalimu vivyo hivyo, unamwomba akae na njaa.

Serikali na kamati

Tarehe 23 Septemba 1964 Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima. Mwaka 2015 michango ya wazazi katika skuli za msingi ikafutwa. Kila hatua ilikuwa ya kheri kwa mzazi, lakini kila moja iliifanya kazi ya kamati ya kijiji kuwa ngumu zaidi. Mzazi anayesikia elimu ni bure ataiuliza kamati kwa nini bado inadai ada, na kamati haina jibu analotaka kusikia.

Suluhisho si kuzifuta kamati. Zinajua mtoto gani ameacha kuja na kwa nini, siku gani mama wako pwani, na mwalimu gani anapendwa na watoto. Hayo ofisi ya wilaya haitayajua kamwe kwa haraka hiyo. Wizara imlipe mwalimu wa maandalizi wa kijiji aliyefunzwa na kupimwa, hata kama ameajiriwa na kamati. Kamati ibaki na uongozi, mahali, vifaa vya kona na ufuatiliaji wa wazazi. Na makubaliano yao yawe ya maandishi, yenye muda, yanayosomwa upya kikaoni kila mwaka.

Anayetaka kuanzisha kamati ya skuli kijijini kwake leo aanze na swali la mshahara wa mwalimu kabla ya kuuliza habari za jengo. Akilipatia jibu la miaka mitatu, hayo mengine wenyeji watayaweza.