Rehani na Ukimya: Usawiri wa Wahusika wa Msafara katika Riwaya ya Peponi

Ikisiri

Makala hii inachunguza usawiri wa wahusika katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Hoja kuu ni kwamba wahusika wa riwaya hii wanajengwa kwa kigezo cha deni: kila mmoja anatambulishwa na yule anayemmiliki au anayemdai. Kigezo hicho kinawapa uzito wahusika wa pwani, lakini kinawaacha wapagazi wa bara nje ya usawiri kamili.

1.0 Utangulizi

Bukene, katika Wilaya ya Nzega, leo inajulikana kama kituo cha reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Kabla ya reli, nchi hiyo ya Unyamwezi ilikuwa kitovu cha njia ya misafara. Kutoka Tabora, tawi moja lilielekea Ujiji na jingine likapanda kaskazini hadi Ziwa Viktoria. Wanyamwezi hawakuwa watazamaji wa biashara hiyo. Walikuwa wapagazi wenye ujuzi na sifa, waliobeba mizigo ya takriban frasila mbili kila mmoja, wakiongozwa na kirangozi wao. Kwa hiyo, msomaji anayeiendea Peponi kutoka upande huo wa njia ana haki ya kuuliza: je, watu hawa wamesawiriwaje?

2.0 Deni kama Msingi wa Usawiri

Yusuf, mhusika mkuu, anaondoka kwao akiwa na umri wa miaka 12, akiamini kwamba anafuatana na ami yake. Ni Khalil anayemzindua kwamba Aziz si ami yake bali ni tajiri anayemdai baba yake, na kwamba anapaswa kumwita Seyyid. Badiliko hili la namna ya kuitana ni badiliko la utambulisho. Neno la ukoo lilificha rehani, na neno la heshima linaifichua. Khalil mwenyewe ni rehani, na Amina, aliyelelewa kama dada yake, anaishia kuwa mke wa tajiri huyohuyo.

Aziz hasawiriwi kama dhalimu wa kawaida. Ni mpole, mtaratibu, mwenye kunukia uturi, na hana haja ya kupaza sauti. Ukali ameukabidhi kwa mnyapara wake, Mohammed Abdalla. Kwa mgawanyo huu, Gurnah anaonyesha jinsi mfumo unavyomwezesha mwenye mali kubaki na mikono safi. Mkabala wake ni Mzee Hamdani, mtunza bustani, aliyekataa kupewa uhuru kwa sababu hakuona vipi mtu mwingine angeweza kuumiliki hata autoe kama zawadi. Mhusika huyu ni mdogo kwa nafasi anayopewa katika msuko, lakini ndiye anayetoa hoja nzito kuliko zote. Hivyo basi, mgawanyo wa E. M. Forster wa wahusika bapa na wahusika duara hautoshi hapa, kwa kuwa uzito wa mhusika hautokani na wingi wa mabadiliko yake.

3.0 Wapagazi na Chatu

Msafara unapoingia bara, usawiri hubadilika. Wapagazi wanaonekana kama kundi: wanabeba, wanachoka, wanaugua, wanapigwa. Ni nadra kwa mmoja wao kutajwa kwa jina au kusikika akitafakari. Inawezekana kujibu kwamba usimulizi unafuata macho ya Yusuf, kijana asiyeijua bara, na kwamba ukimya huo ni wake, si wa mwandishi. Jibu hili lina nguvu, kwani riwaya inawakejeli waziwazi wafanyabiashara wanaowadharau watu wa bara.

Hata hivyo, kisa cha Chatu kinaonyesha kwamba mtazamo wa Yusuf haukuwa kizuizi kisichopenyeka. Chatu, mtawala anayewanyang'anya mali, anapewa nafasi ya kueleza sababu: mfanyabiashara aliyetangulia alimdhulumu, na sasa waliofuata wanalipa. Kwa ghafla, wadai wanakuwa wadaiwa. Ingawa maneno yake yanapitia kwa mkalimani Nyundo, hoja yake inamfikia msomaji. Ikiwa Chatu aliweza kusikika kupitia mkalimani, hapana sababu ya kiusimulizi ya kumnyima mpagazi, anayelala na kuamka kando ya Yusuf, nafasi kama hiyo.

Chanzo cha pengo hili kinaweza kutafutwa katika matini ambazo riwaya inajibizana nazo. Wahakiki, akiwamo James Hodapp, wameihusisha na masimulizi ya kale ya Kiswahili kama tawasifu ya Tippu Tip na Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Masimulizi hayo yanatazama bara kwa jicho la mwenye bidhaa. Gurnah anaigeuza sauti hiyo kwa kumweka kijana wa rehani mahali pa tajiri, lakini mgongo wa msafara unaendelea kuwa kimya.

4.0 Hitimisho

Mwishoni, Yusuf anakimbilia safu ya askari wa Wajerumani. Hatua hiyo imezoeleka kusomwa kama utata wa mhusika mmoja: je, amejikomboa au amebadilisha bwana? Ikisomwa kwa kuzingatia wapagazi, inapata maana pana zaidi. Yusuf anatoka katika safu moja na kuingia katika nyingine, na katika zote mbili wapo wanaotembea bila kuulizwa. Ubora wa Peponi ni kuonyesha kwamba uhuru hauwi zawadi ya mtu. Upungufu wake ni kwamba ukweli huo umetamkwa bustanini pwani, wala haukupata wa kuutamka miongoni mwa waliobeba mizigo.