Njama na Ushirikiano: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Darasani

Miongoni mwa kasoro zinazodhoofisha ufundishaji wa Kiswahili katika shule zetu ni desturi ya kufasiri neno kwa neno, kana kwamba kila neno la Kiingereza lina pacha wake mmoja katika Kiswahili. Kasoro hii haileti hasara kubwa tunapotaja kiti au meza. Lakini yako maneno ambayo yakikosewa huharibu si insha tu, bali pia uelewa wa haki. Tunakusudia hapa kuhakiki maneno ya Kiingereza yahusuyo kula njama na kufanya kazi pamoja. Sisi tufundishao Gikundamvura, wilayani Rusizi, twaona kwamba maneno haya ni mzigo mzito zaidi kwa mwanafunzi wa Rwanda kuliko kwa mwenzake wa kwingineko.

Maneno yenyewe ni “conspiracy”, “collusion”, “complicity”, “connivance” na “collaboration”. Yote yana asili ya Kilatini. La kwanza latokana na kupumua pamoja. La pili, kucheza pamoja. La tatu, kukunjwa pamoja. La nne, kufumba macho. Na la tano, kufanya kazi pamoja. Katika orodha za msamiati zitumikazo madarasani, manne ya mwanzo aghalabu hurundikwa chini ya neno moja, njama, na la tano hupewa ushirikiano. Mgawo huu ni mwepesi kukariri, lakini si sahihi.

Njama ni shauri la siri. Waswahili husema kula njama kama wasemavyo kula kiapo na kula yamini. Yaani mtu amejifunga kwa wenzake hata kabla mkono haujainuliwa. Basi neno hili lalingana barabara na la kwanza, wala halilingani na mengine. Wanunuzi wawili wa mpunga wa bonde la Bugarama, wajionyeshao mbele ya wakulima kuwa ni washindani ilhali wamekwisha kupatana bei moja faraghani, wamefanya mapatano ya hila: hilo ndilo la pili. Mwenye gari anayelitoa huku akijua kwamba litabeba mali ya wizi ameshiriki katika uhalifu, ingawa hakuhudhuria shauri lolote: hilo ni la tatu. Na mlinzi aliyeona yote akageuza uso, huyo ameufumbia macho uovu. Kiswahili basi hakikupungukiwa; tuliopungukiwa ni sisi tusiokichimbua.

Huenda msomaji akauliza: je, tofauti hizi si za wanasheria tu? La, hasha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari wataja kula njama na kushiriki kuwa ni makosa mawili mbalimbali. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha hadi ilipofungwa mwaka 2015, iliufuata mgawo huo. Mwaka 1998 Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya muda ya mwaka 1994, alihukumiwa kifungo cha maisha baada ya kukiri makosa yake, mojawapo likiwa kula njama. Mwaka 2008 mahakama hiyohiyo ilimtia Kanali Théoneste Bagosora hatiani kwa mauaji ya kimbari, lakini ikaona kwamba shtaka la kula njama halikuthibitishwa dhidi yake pasipo shaka.

Hapa ndipo tafsiri mbovu inapokuwa hatari. Wako wakanushaji walioishika hukumu hiyo wakadai kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayakupangwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba njama na kushiriki ni kitu kimoja hana silaha ya kuwajibu. Aliyefundishwa vema atajibu kwamba kushindwa kuthibitisha mapatano ya siri baina ya washtakiwa kadhaa si kukana tendo, wala si kumtakasa mtendaji. Tena atakumbusha kwamba mwaka 2006 majaji wa rufani wa mahakama hiyo walitamka kuwa mauaji hayo ni jambo linalojulikana kwa wote, lisilohitaji tena kuthibitishwa.

Limebaki neno ushirikiano, ambalo wengi hulidhani safi daima. Shina lake la Kiarabu limetuzalia shirika na ushirika, lakini pia shirki na ushirikina. Wafaransa nao, baada ya wenzao kadhaa kuwatumikia Wajerumani kati ya mwaka 1940 na 1944, waliliona neno lao la kufanya kazi pamoja likigeuka tusi. Kwetu Rwanda ushahidi ni mchungu zaidi. Jina Interahamwe limebeba ndani yake neno la Kinyarwanda lenye maana ya pamoja, na mwaka 1994 wauaji waliita mauaji yao kazi. Hawakuhitaji kila mara kunong’ona. Mengi yalifanywa mchana, kwa sauti, na kwa umoja. Methali isemayo kwamba penye wengi hapaharibiki neno haina budi kufundishwa pamoja na historia hiyo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba mwalimu asitoe tafsiri ya maneno haya kabla ya kuuliza maswali matatu: wamepatana nani, kwa kusudi gani, na nani amefichwa? Majibu ndiyo yatakayochagua neno. Kufanya hivyo kutachukua nusu ya kipindi, na orodha ya msamiati itabaki fupi siku hiyo. Hasara hiyo twaweza kuistahimili. Isiyostahimilika ni ile ya kijana atakayekalia kiti cha mkalimani mahakamani, aambiwe kwamba mtu alishiriki, naye atamke kwamba alikula njama.