Miduara Mitano

Ini lililojaa chuma huonekana jeusi kwenye picha ya MRI, jeusi kama mkaa. Fundi haliendei kwa pupa. Anachora mduara mdogo upande wa kulia wa ini, anausogeza kidogo usiguse mshipa wa damu, anachora wa pili, kisha wa tatu. Halafu anashuka kwenye misuli ya mgongo: mmoja kushoto, mmoja kulia. Misuli ndiyo jiwe lake la mizani, maana hailimbikizi chuma kama ini.

Hiyo ndiyo njia ya Yves Gandon na wenzake wa Rennes, Ufaransa, iliyochapishwa mwaka 2004. Mji wenyewe uko Bretagne, ambako maradhi ya kurithi ya kujaa chuma yameenea. Mwili hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi, kwa hiyo mgonjwa hutolewa damu. Na ili ijulikane ana mzigo gani, zamani alichomwa sindano na kukatwa kinyama cha ini chembamba kama uzi. Feritini ya damu, protini inayohifadhi chuma, haitoshi kuwa shahidi. Uvimbe tu huipandisha.

Chuma huvuruga usumaku pale kilipo, na mwangwi unaotoka kwenye maji ya ini hufifia upesi. Basi mgonjwa anabana pumzi, picha inachukuliwa. Anapumua, anabana tena, mpaka zitimie tano, mwangwi ukisubiriwa kuanzia milisekunde 4 hadi 21. Chuma kikipita mikromoli 350 hivi kwa gramu ya ini kavu, mwangwi umekwisha kabla ya kusikika. Fundi mwaminifu huandika “zaidi ya 350”, akaishia hapo.

Uaminifu huo unapungua. Siku hizi programu huchora ini zima yenyewe na kutema namba yenye desimali, na wengi hawafungui mchoro wa kufifia kwa mwangwi kuona kama mstari umepita kwenye nukta zake. Wengine wanafuata njia ya Rennes huku koili ya mgongoni, antena ya kunasa mwangwi, ikiwa imewashwa, ilhali njia hiyo inataka koili kubwa ya ndani ya mashine peke yake. Misuli iliyo jirani na koili inang’aa kupita kiasi, ini linaonekana jeusi kuliko lilivyo, na mtu anarudi nyumbani na chuma asichokuwa nacho, kimepigwa chapa vizuri kwenye karatasi.